Mbwa Mzee Naye Ana Haki Yake

Katika lugha yetu ya pwani ni matusi machache yaliyo mazito kama kumwita mtu mbwa. Mtoto akimtamkia mwenziwe neno hilo uwanjani, babu aliyeketi barazani hukohoa, na mama hutoka ndani na ufagio mkononi. Kwa hivyo najua kwamba wako wasomaji watakaoshangaa kumwona mnyama huyu katika ukurasa uliozoea mashairi, harusi na mavazi ya kale. Nawaomba wanivumilie. Utamaduni wa watu si vazi na wimbo peke yake. Ni pia namna wanavyomtendea kiumbe aliyewatumikia, siku ile asipoweza kuwatumikia tena.

Jambo lenyewe lilizuka Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni. Kwa asiyepajua, unatoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, unaiacha barabara hiyo na kuelekea Wote, na Kathonzweni iko upande wa kusini-mashariki ya mji huo. Ni nchi ya Wakamba, nchi ya mbuzi, pojo na mbaazi, ambako mito mingi ni mchanga mtupu kwa miezi mingi ya mwaka, na maji huchimbwa chini ya mchanga huo kisha yakachukuliwa kwa punda. Mkulima wa huko hutegemea zaidi mvua za vuli, za Oktoba hadi Disemba. Zikikosa hizo, mwaka umeharibika.

Huko anakaa rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, tuliyesoma naye chuo kimoja utotoni. Alikwenda Ukambani kwa kazi, akaoa huko, akajenga, akafuga mbuzi. Na mwenye mbuzi katika nchi ile hana budi kuwa na mbwa, maana fisi hawamngoji mtu aamke, na nyani na tumbili hawamwombi ruhusa aliyepanda mahindi. Mbwa wake, Simba kwa jina, alikuwa amefika miaka kumi na mmoja nilipomwona mwaka jana, mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza. Macho yote mawili yalikuwa yamefunga utando mweupe wa mtoto wa jicho. Miguu ya nyuma ilikakamaa asubuhi hata akawa hainuki mpaka jua limpashe. Meno yalikuwa vigutu, na ncha ya sikio moja ilikuwa na kidonda ambacho nzi hawakukiacha kipone.

Umri huo si jambo dogo. Utafiti uliofanywa vijijini Machakos na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa na mbwa, lakini umri ambao mbwa wa huko angetarajiwa kuishi haukufika miaka minne. Makueni yenyewe ilikuwa sehemu ya Machakos hadi mwaka 1992, na maisha ya mbwa hayabadiliki kwa sababu mpaka umechorwa. Wengi hufa wachanga kwa njaa, maradhi, magari na fimbo. Ndiyo maana watu hawana desturi ya kumtunza mbwa mzee: ni wachache mno waliopata kumwona.

Basi walikuja vijana wawili kutoka pwani kumtembelea ami yao, wakamkuta anamlainishia Simba sima kwa mchuzi. Hawakupendezwa.

"Ami," akasema mkubwa wao, "mbwa hufugwa kwa kazi. Huyu kazi yake imekwisha, basi na ruhusa ya kumfuga imekwisha. Kila siku unapunguziwa thawabu kwa ajili ya mnyama asiyeona. Mpeleke ng'ambo ya mto umwache."

Rafiki yangu akasema, "Mwanangu, mbuzi niliowauza nikakulipia karo, usiku alikuwa akiwalinda nani?"

Kijana alinyamaza kwa adabu, si kwa kuridhika. Na majirani wa pale, ambao si Waislamu na hawana habari ya udhu wala najisi, nao walishauri vivyo hivyo: mwaka ni wa njaa, mtu halishi asichokitumia. Hilo nataka msomaji alikumbuke. Watu wa dini mbili walifika ng'ambo ile ile ya mto kwa njia mbalimbali. Sisi tulio Waislamu tunayo najisi ya kuisingizia. Wenzetu hawanayo, lakini tendo ni moja.

Mimi si mufti, na panapo masheikh mdomo wangu ni mfupi. Lakini nililelewa juu ya mkeka wa chuo, na yale niliyofundishwa ndiyo ninayoyaeleza. Kwanza tumpe yule kijana haki yake, kwani hakusema uwongo. Hadithi iko, na ni sahihi, kwamba anayefuga mbwa pasipo haja hupunguziwa katika amali zake kila siku kirati moja, na katika mapokezi mengine kirati mbili. Waliotolewa katika hukumu hiyo ni mbwa wa mifugo, wa mawindo na wa shamba, na wanazuoni wetu wengi wakapima humo mbwa wa kulinda nyumba. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mate ya mbwa na umajimaji wake ni najisi nzito, isiyotoka ila kwa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Sina nia ya kulilegeza hata moja katika haya.

Ninalouliza ni hili: yule aliyemleta mbwa nyumbani kwa haja iliyo halali, akamtumia miaka kumi, je, haja ikiisha, na deni huisha? Mtu akiajiri mlinzi, mlinzi akapofuka kazini, hatumwambii kwamba ruhusa yake ya kula imekwisha. Hadithi ile inamwonya mtu asimlete mbwa pasipo sababu. Sijamsikia mwalimu aliyeifasiri kuwa ni amri ya kumtupa mwituni, afe kwa kiu, yule aliyeletwa kwa sababu.

Na madhali tumetaja kiu, turudi kwenye kitabu ambacho watoto wengi wa vyuo vya pwani hukianza kabla ya vitabu vikubwa, nacho ni Safina. Aliyekitunga ni Sheikh Salim bin Sumeir, mwanachuoni wa Hadhramaut aliyefia Batavia, mji uitwao leo Jakarta, katikati ya karne ya 19. Katika mlango wa tayamamu mtungaji anataja sababu tatu za kutayamamu: kukosa maji, maradhi, na maji kuhitajiwa kwa kiu ya mnyama mwenye heshima. Kisha anawahesabu sita wasio na heshima hiyo, na miongoni mwao yumo mbwa. Lakini ni mbwa gani? Ni mbwa mkali, yule aumaye watu. Mbwa asiyekuwa mkali hakutajwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba Muislamu aliye safarini na kibuyu kimoja cha maji, wakati wa sala umeingia, na mbele yake yuko mbwa mtulivu anayekufa kwa kiu, hukumu ni kwamba maji yaende kwa mbwa na yeye apige mikono yake juu ya udongo.

Tafakari uzito wa jambo hilo, msomaji. Maji ya udhu, ambao ni ufunguo wa sala, yanapewa mnyama ambaye ulimi wake ungeyanajisi. Wanazuoni waliosema mara saba na udongo ndio hao hao waliosema mpe maji yako ya udhu. Hawakuona mgongano wowote, kwa sababu mambo ni mawili. Najisi ni hukumu ya chombo, nguo na mwili wako. Heshima ni hukumu ya roho ya yule mnyama. Sisi wengi tumeihifadhi ile ya kwanza kwa moyo wote, na ile ya pili tumeiacha palepale chuoni, juu ya mkeka.

Atasema mtu: hiyo ni kiu ya njiani, na huyu ni mbwa wa nyumbani aliyekwisha faida. Jibu lake alilitoa zamani mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, Izzuddin bin Abdisalaam, mtu wa Damaski aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria, yaani 1262 Miladia. Katika kitabu chake cha kanuni za hukumu aliandika fungu juu ya haki za wanyama juu ya binadamu. Ya kwanza katika haki hizo ni kuwapa matumizi yanayowafaa wa jinsi yao, hata wakizeeka au wakiugua kwa namna ambayo hawana faida tena. Kisha akafuatisha nyingine: wasibebeshwe wasiyoyaweza, wasichanganywe na wa kuwadhuru, watengenezewe mahali pao pa kulala na pa kunywea. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 750 iliyopita. Uingereza, inayosifiwa kwa kupenda mbwa, ilipitisha sheria yake ya kwanza ya kuwakinga ng'ombe na farasi mwaka 1822, na mbwa wakangoja hadi 1835.

Hayo ndiyo niliyomjibu kijana, na sikuhitaji kumsomea kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza khofu yake maji akamnywesha mbwa, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kisa hicho anakijua. Wala cha mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyetajwa katika Sura ya Kahfi amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Sura hiyo kijana huisoma kila Ijumaa. Tatizo letu si kutojua visa hivi. Tatizo ni kuvisoma kama habari za mbwa wa zamani, mbwa wa peponi, ilhali huyu wa leo mwenye upele na kupe hatumwoni kuwa ni jinsi moja nao.

Sasa tuje kwenye matendo, maana huruma isiyojua kazi huweza kudhuru. Nimeyauliza haya kwa watu wa mifugo, na mengi hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni maji na kivuli. Mbwa mzee hunywa zaidi na hustahimili jua kidogo, naye hawezi tena kwenda mbali kutafuta vyote viwili. Awe na chombo chake mwenyewe, kisichochanganywa na vya watu, na kiwekwe mahali pamoja siku zote. Aliyepofuka huishi kwa pua na kwa mazoea. Ukihamisha bakuli umemhamishia nyumba. Na asishtuliwe kwa kuguswa ghafula, bali aitwe kwanza, maana hata mbwa mpole huuma akitishika.

La pili ni chakula. Meno yakiisha, chakula kilainishwe: sima au wali kwa mchuzi wa dagaa au wa mifupa. Mifupa yenyewe iliyopikwa asipewe, kwani hupasuka vichane vikali vya kutoboa matumbo.

La tatu ni dawa, na hapa wengi hukosea. Mtu humwona mbwa wake anachechemea, akampa vidonge vya maumivu alivyonunua dukani kwa ajili ya mgongo wake mwenyewe. Dawa kama ibuprofen na diclofenac, ambazo sisi tunazimeza kama njugu, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Zipo dawa za viungo zilizotengenezwa kwa mbwa, na daktari wa mifugo ndiye anayejua kipimo. Kadhalika wako wanaompaka mbwa mwenye upele mafuta machafu ya gari. Hiyo ni sumu, na mbwa huilamba. Kupe waondolewe kwa dawa yake kutoka duka la dawa za mifugo, kwa kipimo kilichoandikwa, maana kupe ndio wanaomletea homa za kumaliza damu. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi na kikingwe na nzi kabla hakijaingia funza. Mtoto wa jicho kwa mbwa hutolewa kwa upasuaji, lakini kwa mtu wa kijijini huo ni mbali na ni ghali, na mbwa kipofu anayetunzwa huweza kuishi bila taabu kubwa.

La nne ni chanjo ya kichaa cha mbwa, nayo haina uzee. Maradhi haya, dalili zikishatokea, humwua mtu takriban bila ya kubakisha, na wanaokufa duniani kila mwaka wanakadiriwa kuwa 59,000, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Kenya iliweka mpango wa miaka 2014 hadi 2030 wa kuyamaliza, na Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotangulizwa. Msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa mzee anayetupwa mwituni ni mbwa anayetoka katika hesabu ya chanjo na kuingia katika hesabu ya hatari. Kwa hivyo anayemtupa hakuiepuka madhara nyumba yake. Ameyasambaza kwa jirani.

Na najisi je? Wala si jambo la kumzuia mtu kazi. Wanazuoni wetu wamekwisha tufundisha kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi. Mwenye kuogopa avae mifuko ya plastiki mikononi anaposafisha kidonda, awe na nguo ya kazi hiyo, na akiguswa na mate, maji yapo na udongo upo. Kunawa mara saba ni kazi ya dakika chache. Hatujawekewa najisi ili tukimbie wajibu. Tumewekewa namna ya kujitoharisha ili tuweze kuutimiza na kisha tukasali.

Iko nukta moja ngumu, nami sitaizunguka. Itakuwaje maumivu yakizidi, mnyama hali, hainuki, analia usiku kucha? Wengi wa mafakihi wa madhehebu yetu wamekataza kumchinja mnyama asiyeliwa, hata kwa kumpumzisha. Madaktari wa mifugo wanayo sindano ya kumlaza asiamke, na wapo wanazuoni wa siku hizi walioiruhusu panapokosekana tumaini la kupona. Hapo mtu na amuulize sheikh wake na daktari wake pamoja. Lakini hakuna sheikh wala daktari aliyeruhusu sumu ndani ya nyama, wala kamba na jiwe, wala kumfunga mtini akaachwa. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, iliyokuwako tangu miaka ya 1960, inahesabu kumnyima mnyama chakula na maji na kumtelekeza kuwa ni makosa. Hapa sheria ya serikali na ya dini zimekaa mkeka mmoja.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wakamba na wazungu, pwani yetu haina mbwa. La hasha! Tembea mashamba ya Kilifi na Kwale, tazama mageti ya Nyali na Mtwapa, uhesabu. Waislamu wangapi wanalala usingizi kwa sababu ya mbwa wa mlinzi? Tunamkubali usiku, tunamkana mchana. Na akizeeka hutoweka, wala hatuulizi alikwenda wapi.

Wala si kweli kwamba pwani haijui kumtunza mnyama aliyechoka. Lamu, tangu mwaka 1987, iko hospitali ya punda, na punda wagonjwa hutibiwa humo bila malipo. Watu wa Lamu hawaoni haya kumkokota punda mzee mpaka hapo mlangoni, ingawa wanajua hatabeba tena mchanga wala mawe. Tunasema asante ya punda ni mateke. Lakini mara nyingi anayetoa mateke badala ya asante ni yule mwenye miguu miwili. Ikiwa punda amepata wa kumhurumia, basi mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mbwa naye yumo katika wanyonge hao.

Nawaomba walimu wa vyuo, wanapofika mlango ule wa tayamamu, wasiupite kwa haraka. Wasimame hapo penye mnyama mwenye heshima, wawaulize watoto: maji ni kidogo, sala imefika, mbwa ana kiu, utafanyaje? Mtoto atakayejibu vizuri atakua akijua kuosha chombo mara saba, na akijua pia kwamba chombo hicho kilistahili kujazwa maji.